Mkono Mkavu wa Ruthu

Bibi yangu Sechelela hakuwa mtu wa kusifiwa. Alilima mtama na uwele huko Mtumba, alizaa watoto sita, na kwa ubishi sijaona wa kumfikia. Hata alama za ndui usoni mwake alizibishia. Alisema ndui ilimtaka ikamkosa, na yale mashimo ni ya kucha zake ilipokuwa ikiteleza. Watoto wake wawili wa kwanza haikuwakosa. Aliwazika ndani ya mwezi mmoja, na hilo hakulifanyia utani hata siku moja.

Wa tatu ni mama yangu, ambaye baadaye alibatizwa Ruthu. Alizaliwa enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, reli ikiwa imeshafika Dodoma. Hajatimiza mwezi, tarishi wa jumbe akapita na habari: ndui imeingia vijiji vya upande wa Kongwa, na keshokutwa daktari wa Kidachi atashuka Dodoma kwa treni, atachanja watoto siku moja tu, kisha aendelee na safari yake.

Babu yangu Matonya alisema mtoto bado hajatolewa nje, asubiri kama desturi inavyotaka.

"Wale wawili walisubiri," bibi alimjibu. "Wako wapi?"

Matonya akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Alikuwa na busara hiyo babu yangu: akishindwa maneno, ng'ombe walimhitaji.

Maandalizi yakashikwa na mama mkwe wa bibi, mwanamke aliyeamini hakuna jambo linalofanyika sawasawa asipolishika yeye. Alimnyoa mtoto, akamvisha shanga kiunoni, akailainisha ngozi ya mbuzi ya kumbebea. Kisha akatoa kibuyu cha samli aliyoiweka tangu mimba ilipoonekana, akaichanganya na udongo mwekundu, akampaka mtoto kuanzia utosini hadi vidoleni. Siku zile mtoto aliyetoka nyumbani mkavu alitia aibu. Watu wangedhani mama yake amekufa, au ng'ombe wa kwao wamekwisha. Na huyu alikuwa anakwenda kuonwa na mgeni mkubwa.

Waliondoka alfajiri, wanawake wawili na mtoto anayeng'aa. Mama mkwe alibeba kibuyu chake, ili jua likimkausha mtoto njiani ampake upya. Alimpaka mara tatu kabla ya kufika.

Daktari alikaa chini ya turubai karibu na stesheni. Msaidizi wake, Hassani, kijana wa Kondoa aliyekijua Kigogo, alikuwa akifuta mikono ya watoto kwa pamba yenye dawa. Zamu ya bibi ilifika jua likiwa la utosi. Pamba ilipogusa mkono wa mtoto ikateleza. Hassani akafuta tena, ikateleza tena, na pamba ikawa nyekundu. Daktari akatazama, akasema neno moja, akaashiria mtoto mwingine aletwe.

"Mama, dawa haishiki penye mafuta," Hassani alimwambia bibi. "Kamsafishe mkono wa kushoto, urudi. Fanya upesi, vimebaki vichupa viwili vya chanjo."

Kibuyu cha maji kilikuwa kitupu, na visima vilikuwa mbali, kule mtoni walikochimba mchangani. Tena maji matupu hayaondoi samli, hilo kila mwanamke analijua. Bibi akakaa chini palepale, akafungua unga wa mtama, chakula chao cha njiani, akaumimina juu ya mkono wa mtoto na kuanza kusugua. Unga ulinyonya mafuta, ukadondoka vipande vipande vyekundu. Akamimina mwingine.

"Unamkausha mjukuu wangu mbele za watu," alisema mama mkwe. "Na chakula unamwaga."

"Mama, ninyamazie kidogo."

Mwanamke hamwambii mkwewe hivyo. Hawakusemezana wiki mbili baada ya hapo. Lakini unga ulipokwisha, mkono wa kushoto ulikuwa mkavu na wa kijivu, na bibi alirudi mwisho wa mstari. Alinieleza kwamba njaa, jua na aibu havikumsumbua. Aliogopa tu vile vichupa visije vikaisha.

Cha mwisho ndicho kilichomfikia. Daktari akachanja mikwaruzo minne, mtoto akalia, na Hassani, huku akifunga masanduku, akasema, "Mkono huu usipakwe mafuta." Hakusema mpaka lini, naye bibi hakuuliza.

Njiani mama mkwe alichovya kidole kibuyuni. Bibi akaufunika ule mkono kwa kiganja chake, na kwa namna fulani hakukiondoa tena.

Baada ya mvua ndui ilifika Mtumba. Nyumba ya jirani ilizika watatu. Mama yangu hakupata hata homa. Kuanzia hapo hapakuwa na wa kumbishia bibi kuhusu mkono ule. Mtoto alipakwa mwili mzima isipokuwa mkono wa kushoto. Kiangazi ulipauka na kupasuka, wasichana wenzake wakamcheka, akajifunza kuuficha ndani ya nguo. Miaka ikapita, Wadachi wakaondoka, na mganga mmoja wa misheni akamwambia bibi kwamba siku saba zingetosha.

"Hizo siku saba zako," bibi alisema. "Mimi nina zangu."

Mama alilia mara nyingi kwa ajili ya mkono ule. Aliniambia alimchukia bibi kabisa kwa jambo hilo.

Siku ya kuolewa, wanawake walimpaka samli mpaka walipofika bega la kushoto. Wakasimama, wakamtazama bibi. Bibi akachukua kibuyu, akajaza kiganja, akaushika mkono wa binti yake. Akakaa hivyo, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mama aliona kwamba anaogopa, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona akiogopa kitu.

"Basi, mama," mama yangu alimwambia. "Uache hivyo hivyo."

Akasimama, akaenda kwa wakwe zake bila kuufunika.