Ndama wa Ng'ombe wa Bibi

Mzee Sironka alipoingia darasani kwangu mara ya kwanza, nilidhani amekosea mlango. Ukumbi wa kanisa ninamofundishia Kiingereza hapa Karatu umepakana na duka la dawa za mifugo, na si mara moja wala mbili mtu ameingia kwangu kuulizia dawa ya kupe. Lakini yeye aliketi benchi la mbele, katikati ya madereva wa watalii na wasichana wa hotelini, akaegemeza fimbo ukutani, akaliweka sawa shuka lake la rubega na kunitazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri mvua.

"Mzee, hapa ni Kiingereza," nikamwambia.

"Ndicho nilichokifuata, Mwalimu."

"Kwa umri huu?"

"Meno yamepungua, lakini ulimi bado upo."

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Hasira zangu ziko karibu, na simpendi mwanafunzi anayechekesha darasa kabla yangu. Nimezaliwa Mbulumbulu kwenye mashamba ya ngano, nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na wanaonifahamu husema mdomo wangu ndio haukustaafu. Nikamwambia afunge mlango, upepo unaingiza vumbi.

Baada ya kipindi alibaki, akanieleza. Mwanawe Dickson alikwenda Uingereza zamani, akaoa huko, akapata binti, Nashipai. Mtoto huyo hajui Kimaasai wala Kiswahili, ni Kiingereza tu. Ukiisha msimu wa mvua wangekuja Nainokanoka, kijijini kwake mlimani, kwa siku chache, na Sironka alikuwa na ndama jike wa kumpa mjukuu. Ndama huyo alizaliwa na ng'ombe wa marehemu bibi wa mtoto huyo. Sironka hakumtaja mkewe kwa jina hata siku moja, maana kwao marehemu hatajwi. Alisema tu "mama yake Dickson", na kila aliposema hivyo alishusha sauti.

"Dickson si atakuwepo? Atakutafsiria," nikasema.

"Akisema Dickson, atakuwa ametoa Dickson. Mnyama hutolewa kwa mdomo wa mwenye kutoa, Mwalimu, na sikio la mwenye kupokea liko palepale."

Kulikuwa na jambo jingine, nalo alilisema akitazama viatu vyake vya katambuga. Kule bomani, Dickson alikuwa ameanza kusemwa. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema binamu zake, na macho yao yalikuwa kwa ng'ombe wa mama yake. Sironka hakuwalaumu, maana wao ndio wanaochunga. Hofu yake ilikuwa kwamba siku atakapokufa, hakutabaki kitu chochote kilimani cha kumwambia yule mtoto kwamba hapa ni kwao. Ndama akipokewa mbele ya watu, kitakuwepo.

Basi tukaanza. Alikuwa amehamia kwa binti yake mjini kwa ajili ya masomo hayo, na kila jioni alikuja mapema kuliko wote. Nilimtungia sentensi moja ndefu, yenye kila kitu alichotaka kusema, nikaiandika ubaoni: "This is your grandmother's cow's calf, and I give it to you because you are my son's child." Yaani huyu ni ndama wa ng'ombe wa bibi yako, nami nakupa wewe kwa sababu ni mtoto wa mwanangu.

Niliwaeleza jinsi inavyoshikamana. Kuna kitenzi, nacho ndicho kinachofanya kazi. Kuna maneno mawili ya kuunga, moja la kuongeza na moja la kutoa sababu. Halafu kuna umiliki, na huo kwa Kiingereza huja kinyumenyume: bibi kwanza, ng'ombe wake nyuma, ndama nyuma kabisa.

Sironka akanyoosha mkono. "Kwa nini mwenye ng'ombe anatangulia?"

"Ndiyo kanuni yao."

"Sisi tunasema ng'ombe wa fulani. Ng'ombe yuko mbele, mtu yuko nyuma anachunga. Maneno yao haya ni ya mnadani. Mtu mbele na kamba, ng'ombe anavutwa."

Nikamwambia lugha haina mnada, aseme kama ilivyoandikwa. Lakini usiku ule, nikikoroga uji jikoni, nilijikuta nimesimama na mwiko mkononi nikiwaona kabisa: Waingereza kwa foleni, kila mmoja na kamba yake, na nyuma yao ng'ombe, nyumba, mama, miaka, vyote vinavutwa taratibu kuelekea mahali nisipopajua. Uji ukaungua. Nikamkasirikia yule mzee kana kwamba ndiye aliyeuunguza.

Tangu hapo sikuweza kufundisha somo lile nikiwa macho kabisa. Sironka alikuwa akifumba macho kabla ya kusema sentensi yake, na ukumbi ulikuwa ukinyamaza wenyewe, hata madereva waliacha simu zao. Maneno yalimtoka moja moja, kwa nafasi, kama mifugo inavyotoka kwenye ukungu asubuhi: unasikia kengele, unaona pembe, halafu mnyama mzima. Akifika kwenye "because" alipumzika. Alilipenda neno hilo. Alisema lina mzigo mgongoni, lazima ulisubiri lipande. Nje pikipiki zilipita, jua likashuka nyuma ya mabati, na mimi, mwalimu mzima, nilisimama na chaki mkononi nikiota nchi ambayo sijawahi kufika, ambako mtoto fulani alikuwa akila mkate wake bila kujua kwamba mzee mmoja huku anamtengenezea njia kwa maneno.

Siku ilipofika, Dickson alipita Karatu na gari la kukodi kumchukua baba yake. Sironka akasema haendi bila mwalimu wake, kwa hiyo nami nikapanda. Mtoto alikuwa kiti cha nyuma, msichana mwembamba mwenye macho makubwa, akanipa mkono kwa adabu. Babu yake alimgusa kichwani, basi. Njia nzima kupanda mlimani hakusema naye neno. Midomo yake ilicheza tu bila sauti. Tulipita msituni, miti ina ndevu ndefu za kijivu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba gari lilionekana kuelea.

Nainokanoka tulikuta watu wamekusanyika, binamu na wake zao na wazee wawili watatu. Ndama aliletwa, mwekundu, na baka jeupe tumboni. Dickson akainua simu kurekodi. Sironka akasimama mbele ya mjukuu wake, akafumba macho, akayafumbua, akasema sentensi yake yote mpaka mwisho. Hakukosea hata neno.

Nashipai akatabasamu, akaweka mkono mgongoni mwa ndama. Watu wakaguna kwa kuridhika. Halafu mtoto akamgeukia baba yake na kumuuliza kwa Kiingereza, "Nitaenda naye nyumbani?"

"Hapana, mama," Dickson akacheka. "Hapandi ndege huyu. Atabaki hapa."

Mtoto akafikiri. Uso ukamkunjika. "Basi si wangu," akasema, na akauondoa mkono wake.

Hapakuhitajika mkalimani. Mkono ulioondoka mgongoni mwa mnyama kila mtu aliuona, na kwa macho yao zawadi ilikuwa imekataliwa. Binamu mmoja akamtazama mwenzake. Nasema kweli, nilimchukia Dickson kwa kile kicheko chake.

Dickson naye alishaona kosa, akafungua mdomo atafsiri. Sironka akamwinulia kiganja.

"Aseme mwenyewe. Polepole."

Dickson akamwambia, na mtoto akarudia, machozi yakimtoka, neno kwa neno: kama siwezi kwenda naye, si wangu. Mzee alisikiliza akimwangalia mdomoni. Nilijua ameelewa, maana mabega yalimshuka. Sentensi tuliyoitunga ilikuwa imekwisha, na hakuwa na nyingine. Mimi nilikuwa na maneno kumi mdomoni ya kumnong'oneza, nikauma midomo. Nisingetoa mimi ndama wa mtu.

Ukungu ulikuwa ukipita katikati yetu. Sironka akafumba macho kwa muda mrefu, hata nikadhani amesinzia.

"Kweli," akasema hatimaye, kwa Kiingereza chake kilichovunjikavunjika, ambacho hakikuwa changu tena. "Ndama si wako. Wewe ni wa ndama."

Mtoto akaacha kulia, akamtazama.

"Wewe wa ndama," mzee akaendelea. "Ndama wa ng'ombe. Ng'ombe wa bibi yako. Bibi yako..." Akatafuta neno, akalikosa. Akainua fimbo, akaonyesha mteremko uliokuwa chini ya ukungu, alikozikwa mkewe. "Wa hapa. Unakwenda, unarudi, wewe wa hapa."

Nashipai alitazama ilikoelekea fimbo, ingawa hakukuwa na cha kuona ila weupe. Halafu akasogea na kumshika tena ndama, safari hii kwa mikono yote miwili, shingoni, na mzee mmoja akasema kwa Kimaasai kitu kilichowafanya wote waitikie kwa pamoja.

"Na Baba?" mtoto akauliza.

Sironka hakuelewa kwanza, akainama. Mtoto akarudia, akimwonyesha Dickson kwa kidole. "Baba naye ni wa nani?"

Mzee akajiinua, akamtazama mwanawe aliyekuwa bado ameinua simu usoni. Sijui ni miaka mingapi hakuwa amemtazama hivyo.

"Na baba yako," akasema. "Pia."

Dickson akaishusha simu. Akalia kwa sauti mbele ya binamu zake wote.