Dhahabu ya Mjerumani

Mimi si mtu wa kusamehe, na sitaki kujifanya. Shambani kwetu, upande wa Uluguru unaoteremkia Kisaki, kuna handaki la vita vya Mjerumani. Mwingereza alipokuwa anamkimbiza kuelekea Rufiji, Mjerumani aliwakamata watu wetu wambebee mizigo na kumchimbia mahandaki. Mmoja wao alikuwa mjomba wa bibi yangu. Homa ilimshika akichimba, akafa, wakamfukia mlemle. Bibi alinionyesha mahali, akaniambia hapa hapalimwi.

Kwetu ardhi ni ya upande wa mama. Dada yangu alipofariki, mumewe alipaswa kurudi kwao. Tukamwonea huruma, tukamwachia nyumba yake kule bondeni. Huyo shemeji akaingiwa na ule ugonjwa wa wanaume wa huku, kwamba kila penye handaki Mjerumani alizika dhahabu. Nilimweleza nani amelala pale, akaitikia kwa adabu zote. Siku niliyokwenda mjini kuuza ndizi, akachimba.

Nilikuta mifupa ya babu yetu imetupwa juu ya kifusi pamoja na mizizi. Nililia kwa hasira mpaka sauti ikakauka. Nikaikusanya kwenye khanga, nikaizika karibu na kaburi la bibi.

Sikumgombeza. Alikuja kunipa pole, eti hakujua, halafu bila haya akauliza kama bibi hakuacha alama yoyote. Nikamkaribisha chai. Nikamwambia bibi alisema hema la mkubwa wao lilikuwa bondeni, palepale alipojenga yeye, na masanduku yalifukiwa chini yake. Uongo mtupu. Macho yalimtoka, chai hakuimaliza.

Akachimba sebuleni, akachimba chumbani, akaufuata msingi. Kila nikipita nampa pole na kazi. Masika yakamkuta bado anachimba. Ukuta wa nyuma ukalala, wa mbele ukafuata. Yeye alikuwa nje, hakuumia. Mimi nilifurahi, basi.

Akaja mbele ya ukoo kuomba kiwanja kingine. Wajomba wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa wa wanawake tuliobaki na shamba liko mikononi mwangu. Alikuwa amekaa chini, tope hadi magotini, akiuliza kwa sauti ya chini atalala wapi na mvua hii.

"Kalale handakini, shemeji," nikamwambia. "Mwenyewe ulishamtoa."