Mama alisoma Yasini ndani ya MRI, picha ikatuambia kumbukumbu imelala

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu salama. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi ni mwanamke wa kuuza vitenge, nazunguka kati ya Kasongo na Salamabila. Mama yangu yuko Kasongo, ndiye anayeongoza maulidi ya kina mama mtaani kwetu. Anayo yote kichwani. Kitabu hashiki, anasema kinamziba pumzi.

Kichwa kikaanza kumuuma, akaanza na kuanguka. Vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, kisha tukaambiwa ni saratani.

Kwetu mashine ya mionzi hakuna. Ndugu wakachanga, tukapanda pikipiki, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. (Barabara yetu mnaijua. Kama hamuijui, shukuruni.) Baadaye ndege, hadi hospitali moja kubwa nje ya nchi.

Daktari, mama mpole anayesema Kifaransa, akanieleza kwamba uvimbe umekaa jirani na sehemu ya kumbukumbu. Mionzi inaua saratani, lakini ikipita hapo inaweza kuondoka na kumbukumbu pia. Kwa hiyo kwanza apigwe MRI maalumu, inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi mtu akiwa anakariri.

Nilipomtafsiria mama, aliuliza kitu kimoja tu: "Na maulidi yangu je?"



Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: anaonyeshwa picha, anazikariri. Kisha skrini inabaki tupu, apumzike, asiwaze kitu. Halafu picha tena. Mashine inalinganisha hali hizo mbili.

Majibu yalinikata maini. Hakuna tofauti, akasema daktari. Ile sehemu inaonekana kama imelala, na kama haifanyi kazi kweli, hakuna haja ya mionzi kuikwepa. Akaniambia nimuulize mama kama alisinzia.

"Nisinzie mule ndani?" mama akaruka. "Ile mashine iko sawa na kaburi, inagonga-gonga juu ya kichwa! Mie nilikuwa nasoma Yasini."

"Wakati wa picha?"

"Picha zikikuja naangalia na nasoma. Zikitoka, nasoma."

"Lakini mama, si walisema upumzike?"

"Sasa mwanangu, mie nikisoma si ndiyo napumzika?"

Nilicheka hadi machozi, halafu nikaona aibu. Nitamwambiaje daktari kitu kama hiki? Lakini mficha uchi hazai. Nikasema.

Daktari akagonga meza. Kumbe ubongo wa mama haukupumzika hata kidogo, ndiyo maana tofauti haikuonekana!

Wakarudia. Safari hii, badala ya kupumzika, akapewa kitufe abonyeze kila akiona mshale, ili akili isirudi kwenye Yasini. Mama akaahidi Yasini ataimalizia nje.

Wakuu, ile sehemu ilikuwa hai. Wakapanga mionzi iikwepe kadiri uvimbe ulivyoruhusu, ingawa daktari hakutuahidi chochote.

Mionzi ilipokwisha, tukarudi nyumbani. Saratani bado wanaifuatilia. Mama anasahau vitu vidogo, ananiuliza mara mbili kama nimekula, nami nakula mara mbili. Mwili wangu ni shahidi.

Maulidi yakafika. Kina mama walikuja hata kutoka Wamaza. Akaanza, sauti ileile, bila kitabu. Katikati akanyamaza.

Shangazi yangu akaanza kulia chini chini. Mimi nilikuwa nimeshika mkeka kwa mikono miwili.

Mama akatutazama mmoja mmoja. "Mbona hamuitikii? Mie yangu nimemaliza. Ninyi ndiyo mumesahau."

Kweli ilikuwa zamu yetu. Tulikaa tukimsubiri akosee hadi kiitikio chote kikatutoka. Tukaitikia kwa kelele, wengine huku wanalia.

Nilichojifunza: daktari mwambie kila kitu, hata kile unachoona ni cha kuchekesha. Na mkipelekwa kwenye kipimo kama hiki, muulizeni mgonjwa wenu anafanya nini akiambiwa apumzike.

Kama kuna humu aliyeuguza mtu wa mionzi ya kichwa, aniambie kumbukumbu ilikaaje miaka ilivyoenda. Nawasoma wote, msinifiche, maana mama akinyamaza kidogo bado nashika mkeka.