Bibi Asiye na Kiti

Wanaosema picha haidanganyi hawajawahi kushika brashi. Mimi nachora kuta za migahawa na saluni hapa Bariadi, na uongo wangu mkubwa kuliko wote niliuchora kwa furaha, huku napiga mluzi.

Kuchora nilijifunza kwenye ukuta wa nyumbani, Lalago. Mama alikuwa akipaka uji mzito kwenye udongo na kubandika kurasa za majarida ya zamani ya Kimarekani yaliyotoka misheni. Hayakuwa na vita wala marais. Yalikuwa na kinyozi na mteja wake, mtoto aliyepakwa matope, watu wanaosubiri mvua ipite. Maisha ya kila siku, yametiwa sukari. Juu ya kitanda changu palikuwa na mlo wa Jumapili: meza ndefu, watu wanacheka, na bibi mwenye aproni amesimama na bakuli la viazi, anampakulia mwanamume aliyenyoosha sahani. Mama alituambia yule ni mwanawe. Hatukuuliza zaidi.

Mwaka huu mwenye mgahawa mmoja karibu na stendi alinionyesha kwenye simu picha za aina ileile. Alitaka moja ukutani, ila watu wawe Wasukuma. Nikamwambia arudishe simu mfukoni, yangu ninayo kichwani.

Nilifanya kazi siku nne, sura moja moja, kama kawaida yangu: namtafuta mtu ninayemjua, nampa mwili wa kwenye picha. Bibi nikampa uso wa mama, kwa sababu ndio uso wa mzee ninaoweza kuuchora bila kuutazama. Mwenye sahani nikampa uso wa mume wangu, maana alikuwa nyumbani na malaria, amekaa tu. Mchoraji akiwa kazini haoni watu, anaona pua na mashavu. Hicho si kisingizio. Ni ujinga wangu, na nikiukumbuka nasaga meno.

Kwetu mama mkwe hali pamoja na mume wa binti yake. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Mama akija kwangu, mume wangu hula kwa jirani na hurudi akikohoa ili ajulikane anakuja. Heshima hiyo wameitunza tangu niolewe. Mimi nikawaweka hatua moja kati yao, mume wangu anacheka meno yote nje.

Mama alikuja kupima presha, nikampeleka pale kula, najivuna. Alijiona ukutani, akatabasamu. Kisha akamwona mwenye sahani. Alivuta kanga akafunika uso, akatoka, akakaa kwenye ngazi za duka la jirani akiupa mgahawa mgongo. Ndani walikuwepo watu wa Lalago waliokuja mnadani. Walicheka.

"Ng'wanone, mwanangu," aliniambia nilipomfuata, "umenivua nguo sokoni."

Akasema hatakanyaga nyumbani kwangu maadamu amesimama pale ukutani mbele ya mkwewe. Akapanda gari la mchana bila kula.

Nilimwomba mwenye mgahawa nibadilishe. Akakataa. Ukuta ni wake, na wateja wanapenda kupiga picha na yule bibi, ndiye anayemletea watu. Akaniambia nisimletee mambo ya kijijini, mbona Wamarekani walikula hivyo hivyo na hawakufa. Nilikasirika. Mama yangu, aliyepalilia pamba mpaka vidole vikapinda, leo amekuwa tangazo la pilau.

Nilibaki pale nautazama ukuta wangu, na ndipo nilipohesabu viti. Walaji tisa, viti tisa. Bibi hana. Hata kwenye ule ukurasa wa Lalago hakuwa nacho. Nimelala chini yake utoto wangu wote, sikuona. Aliyeichora alimwachia bakuli na tabasamu, nami nikanakili. Nikakumbuka pia kwamba sijawahi kumwona mama akila. Alikula jikoni sisi tukishashiba, au hakula, sijui. Hasira niliyokuwa nayo kwa mwenye mgahawa ikanigeukia mwenyewe.

Kesho yake saa saba mchana, meza zimejaa, niliingia na ngazi na ndoo ya rangi. Mwenye mgahawa alifoka, nikaegemeza ngazi. Wateja walimwambia aniache, walitaka kuona mwisho wake. Nikamfuta mama pale mezani. Nikamchora pembeni kabisa, nje, kwenye kivuli cha jiko lake, amekaa kwenye kigoda, mgongo kwa wale walaji, sahani mapajani, mkono unaelekea mdomoni.

"Sasa nani atawapakulia?" mwenye mgahawa aliuliza.

"Wana mikono."

Jioni nilimpigia mama simu, nikamweleza nilivyombadilisha ukutani. Akauliza kama kweli amempa mkwewe mgongo. Nikasema kweli. Akauliza kama bado amesimama. Nikamwambia amekaa, tena anakula.

"Nakula nini?" aliuliza.

Sahani nilikuwa nimeiacha tupu, kwa sababu sikujua mama anapenda kula nini.