Jua Lipo, Umeme Haupo

Mwanangu, ipo siku moja ya kijijini Kidahwe ambayo hainitoki moyoni. Nilikuwa muuguzi kijana katika kituo cha afya, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia kwetu na watoto mgongoni. Kuishi kwingi ni kuona mengi, nami siku ile niliona.

Mkimbizi mmoja, Jozefina, alimleta mwanawe mwenye nimonia. Tukamlaza wodi ya watoto, akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Adhuhuri, jua likiwaka kwelikweli, umeme wa gridi, ule wa nguzoni, ukakatika na mashine ikanyamaza. Paa letu lilijaa paneli za sola, mwanangu, lakini nazo zilizima palepale.

Nikamkimbilia Mama Zuhura wa Ujiji, fundi wa mitambo ya pale kituoni.

"Mama, jua si hili hapa? Zilazimishe paneli ziwake."

"Hizi hazina betri," akasema. "Zimeungwa na gridi moja kwa moja; gridi ikilala, nazo hulala. Zikiendelea, umeme wetu utaingia kwenye waya, na huko barabarani pengine kuna fundi juu ya nguzo. Naye ana mama yake. Mpeleke mtoto wodi ya wazazi. Sola ya kule imeungwa na gridi pia, ila ina betri. Gridi ikikatika hujitenga, ikawasha wodi ile tu."

Nikambeba mtoto, midomo imeshaanza kubadilika rangi. Jozefina akaisukuma mashine nyuma yangu. Tukachomeka, ikaunguruma. Tulitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka, hadi midomo ikarudi kuwa myekundu.

"Imana ishimwe," akanong'ona Jozefina. Ndiko kumshukuru Mungu kwa Kirundi.

Alasiri gari la mafundi wa umeme likapita likitoka upande wa Kasulu. Kijana mmoja aliyeketi nyuma na kamba zake akatupungia mkono, asijue lolote. Huenda ndiye aliyekuwa juu ya nguzo adhuhuri ile. Jua lilelile, siku ileile, lilimpa mmoja pumzi, na paneli ziliponyamaza, likamwacha mwingine arudi kwao salama.

Basi mwanangu, ukitaka kuunga sola na gridi, uliza kwanza itafanya nini gridi ikikatika. Penye mgonjwa weka betri, maana akiba haiozi. Na ile kinga inayozima paneli gridi ikilala usiiondoe kwa haraka yoyote. Uhai wa unayemwona na wa usiyemwona una Mola mmoja. Nyumba yako isikose mwanga, na mwanga wako usimdhuru mtu. Amina.