Bizari ya Shaaban

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa Shaaban, mwanangu, nilipopanda ngazi za nyumba ya shangazi yangu katika Mji wa Kale nikiwa nimechelewa kwa saa tano nzima, na mkononi nimeshika pakiti ya bizari niliyoinunua dukani Bondeni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepata kazi ya ofisini, na nilitembea kama mtu ambaye mji wote unamsubiri.

Shangazi Maimuna ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Kila mwaka, kabla Ramadhani haijaingia, alitenga siku moja ya kukaanga na kutwanga bizari ya mchuzi itakayotosha mwezi mzima, na ziada ya kuwagawia majirani. Mchanganyiko ule alifunzwa na mama yake, na hapakuwa na wa kuurithi ila mimi. Mwaka ule alinitumia salamu mara tatu kwamba nije asubuhi, kwa sababu alitaka mkono wangu uijue kazi.

Nilipofika, kinu kilikuwa kimekwisha kuoshwa na kulazwa ubavu juani. Bi Salma, jirani wa ukuta mmoja na rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa ameketi mkekani akijipepea kwa kawa ya kufunikia chakula.

"Shikamoo, shangazi. Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu," shangazi akaitikia. "Ulipitia wapi?"

Nikamwambia kazi zilinizonga. Kisha nikamwonyesha ile pakiti na kumweleza, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, kwamba siku hizi hakuna haja ya kujichosha. Kila kitu kimo humu, na kimepimwa.

Bi Salma akaichukua, akaigeuza huku na huku. "Maimuna, mtoto amesoma miaka minne. Kumbe alikuwa akifunzwa kushika mkasi."

"Mwache," shangazi akasema. "Leo atatupikia yeye."

Nikapika. Palikuwa na vipande vya nguru, nazi mbili na ukwaju uliokwisha kurowekwa. Nikachanganya tui zito na tui jepesi katika sufuria moja, nikamimina ukwaju, nikatia samaki, nikawasha moto mkubwa ili niwahi kuondoka, na mchuzi ulipokuwa ukitokota nikanyunyiza bizari ya pakiti juu yake kama anyunyizaye chumvi. Mpishi yeyote wa pwani anajua kilichotokea. Tui likakatika. Mafuta yakaelea upande mmoja, maji upande mwingine, na bizari ikabaki mbichi, yenye harufu ya vumbi, ikizunguka juu bila kupata pa kushika.

Walikula hivyo hivyo. Bi Salma akaongeza ndimu, akaongeza pilipili, mwishowe akasema, "Samaki hana kosa. Msimlaumu."

Shangazi hakucheka. Aliponawa mikono alinikalisha karibu naye, akazungumza bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa zito. Aliniambia kwamba bizari huanza kukutana na mafuta ya moto, pamoja na kitunguu kilichokwisha kugeuka rangi, kitunguu thomu na tangawizi, hadi ule ubichi wake uondoke na harufu ibadilike. Ndipo nyanya tungule ziingie kuipokea. Kisha tui jepesi, kisha samaki. Tui zito huja mwisho, moto ukiwa mdogo, na mkono usiache kukoroga. Ukwaju, alisema, unapatana na bizari penye papa mkavu na samaki wenye harufu kali, kwa sababu huukata ule ukali. Changu anataka embe bichi. Nyama ya ng'ombe inataka mbatata na kijiti cha mdalasini, lakini mdalasini usiupeleke kwa samaki. Kuku alazwe kwanza katika mtindi. Biringani inatosheka na nazi, na ndimu ikamuliwe mezani. Alisema mengine pia. Nami nilimsikiliza kama mtu anavyoisikia redio ya nyumba ya pili, jicho langu likiwa kwenye saa.

Kwa kuwa nilitaka kuonekana mwanafunzi mwema, nikatoa daftari mkobani. "Na huo mchanganyiko wenyewe, shangazi? Giligilani vijiko vingapi?"

"Kiasi."

"Kiasi gani?"

"Cha kujaza hapa," akasema, akikunja kiganja chake. "Na uwatu hapa, kwenye ncha za vidole. Bizari nyembamba, manjano, pilipili manga, utaona mwenyewe. Wakaanga kila kimoja peke yake mpaka Salma apige chafya kule kwake."

"Na mwaka juzi nilipokuwa na mafua," Bi Salma akasema, "mtaa mzima mlikula bizari iliyoungua."

Nikafunga daftari, nikicheka. Nilisomeshwa kuamini kwamba kisichopimika hakijajulikana bado, na nikawahurumia wazee hawa wawili kwa kutojua wanachokijua. Shangazi akanishika kifundo cha mkono.

"Hii haiandikiki. Lazima uikaange ukiwa kando yangu, niuone mkono wako. Njoo Shaaban ijayo, asubuhi. Usinikose, mwanangu."

"Inshallah, shangazi," nikajibu. Nilitumia jina la Mwenyezi Mungu kufungia mlango.

Shaaban iliyofuata nilikuwa na semina. Iliyofuata hiyo nilikuwa mjamzito na harufu zilinichafua roho. Udhuru huo peke yake ulikuwa wa kweli. Baadaye nikawa na watoto, kisha na cheo. Nisikufiche kitu: sikukosa nafasi. Kutoka ofisini kwangu hadi kwake ni mwendo wa robo saa kwa miguu, nami nilimtembelea Idi zote na Ijumaa nyingi. Nilikula, nikabusu mkono wake, nikaondoka. Kila mwaka, bila neno la lawama, alinipelekea chupa ya bizari iliyofungwa vizuri, na mchuzi wangu ukasifiwa na wageni wa mume wangu. Waliponiuliza siri yake nilitabasamu kama mwenye siri. Aibu hiyo sijapata pa kuiweka hadi leo.

Bi Salma akafariki. Baada yake shangazi akaanza kupoteza vitu: kwanza funguo, kisha siku za juma, kisha njia ya kwenda msikitini ambayo aliipita maisha yake yote. Daktari alieleza maradhi yenyewe kwa maneno mengi. Maana yake ilikuwa kwamba hakuna kitakachorudi. Nikamhamishia kwangu. Mwaka huo haikuja chupa.

Ndipo nilipofanya haraka, mwanangu, haraka ambayo ingenifaa miaka ishirini nyuma. Shaaban ilipoingia nilinunua kila mbegu niliyoikumbuka, nikatandika mkeka, nikazipanga mbele yake katika visahani, kila kimoja peke yake. Nikamwambia, "Shangazi, leo tunakaanga bizari." Akatabasamu kwa adabu. Nikampa uwatu kiganjani, nikitumaini kwamba vidole vitakumbuka kile ambacho kichwa kimekiacha. Akauangalia. Kisha akaanza kuchambua zile punje moja moja na kuzitupa pembeni, kama achambuaye mawe kwenye mchele. Alizichambua zote, kwa uangalifu mkubwa, hadi kiganja kikawa kitupu, kisha akaniinulia uso kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Nilikaanga mwenyewe. Siku hiyo, na juma lililofuata, na lililofuata hilo. Nilizidisha giligilani, nikapunguza manjano, nikajaribu kukaanga hadi macho yakatoka machozi. Hapakuwa na mtu wa kupiga chafya upande wa pili. Ile niliyoiona imekaribia nikaitia katika mchuzi wa changu na embe bichi, kwa utaratibu wote alionieleza siku ile, na tui halikukatika. Ulikuwa mchuzi mzuri. Nikamlisha kwa mkono wangu.

Akatafuna pole pole. Akasita. Akaurudisha mkono wangu kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunjia heshima mwenyeji wake.

"Ahsante, bibi," akaniambia. "Umejitahidi. Ila mie nangojea mwanangu. Yuaja asubuhi hii, nataka kumfunza bizari yetu."

"Ni mimi, shangazi," nikasema. "Nimekuja."

Akanitazama kwa huruma. "Yuko kazini. Ana kazi nyingi, maskini. Lakini yuaja."

Tangu siku hiyo anakula uji, na kila asubuhi hugeuka kuutazama mlango. Mimi nikiingia, haniangalii. Humtazama atakayeingia baada yangu.

Nasaha yangu ni fupi, na sikupi kwa sababu nina matumaini nayo; mimi pia niliambiwa, mara tatu kwa mwaka mmoja. Ikiwa yupo mzee anayekuita kukufunza jambo la mikono yake, liwe la jikoni au la kazi yoyote, nenda siku aliyoitaja na saa aliyoitaja. Acha daftari. Kaa ubavuni pake, kosea mbele ya macho yake, akurekebishe angali anakujua jina. Usimwahidi mwaka ujao, kwa maana huo si wako kumpa. Usijifariji kwamba unaonja kila siku. Niliionja bizari ile miaka ishirini, na ulimi haukunifunza kitu. Niliyokutajia kuhusu ukwaju, embe na tui ni makombo niliyookota nikiwa na mguu mmoja nje. Yachukue. Mengine usiniulize, sinayo.

Mola akujaalie usikie ukiitwa mara ya kwanza, akulainishie miguu uende, na akufikishe kwa wakubwa wako wangali wakiutambua uso wako. Amin.