Jirani Aliyesahau Bakuli

Shuleni kwetu, msahaulifu alikuwa mtoto aliyeacha kalamu nyumbani, na dawa yake ilikuwa fimbo. Kwamba mtu anaweza kuitwa hivyo ikawa sifa, nilikuja kujua mwaka kiwanda alichofanya kazi baba kilipobinafsishwa, naye akapunguzwa.

Tulikuwa tumepanga mtaa wa Themi. Maduka ya mjini yalijaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, ila sufuria zetu zilikuwa tupu. Na mama yangu, Mmeru wa watu, alikuwa na kiburi chake. Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, unatia hata ndizi mbili. Hizo ndizi hakuwa nazo, kwa hiyo chakula cha watu alikikataa kwa maneno matamu, na sisi tukalala na uji wa chumvi.

Jirani yetu, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, Mwislamu, aliliona hilo. Jioni moja akaingia na bakuli la makande. "Dada, usahaulifu huu utaniua. Wanangu wameshaondoka, mimi bado napika kama wapo. Nisaidieni, yatachacha." Mama akasita, akapokea. Asubuhi, kabla hatujanawa uso, huyo mlangoni: "Jamani, jana nilisahau bakuli langu." Akalichukua mwenyewe, tupu hivyo hivyo, akaenda zake.

Ikawa ndiyo kawaida yake, msimu mzima wa mvua. Mimi na domo langu nikasema, "Mama, huyu naye msahaulifu kweli."

Mama akanikata jicho. "Msahaulifu? Mbona anakumbuka kwamba wewe huli kunde?"

Na kweli, kunde hatukuwahi kuziona mle bakulini. Namshukuru mama yule mpaka leo, maana alitulisha bila kumwinamisha mama yangu kichwa.

Baadaye baba alipata udereva kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Siku ya kwanza kuleta nyama, mama alimwambia ainunue kwenye bucha la Waislamu, jirani naye apate kula. Mama akapika ndizi nyama, akajifunga kanga, akazipeleka mwenyewe. Nilimfuata nyuma.

Jirani akafunua, akacheka. "Dada, na wewe leo umesahau kipimo?"

"Hapana," mama akasema. "Hiki nimekupikia wewe."

Yule mama, mwenye maneno yote yale, akakaa kwenye kigoda chake na kuanza kulia.